Kiti cha bure hakitoshi: wazee wetu na baryeri ya Kavimvira

(Maneno yaliyosemwa Uvira, tarehe 1 Oktoba 2024, siku ya kimataifa ya wazee. Tunayaandika hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.)



Niliombwa niongee juu ya usafiri wa bure kwa wazee wanaovuka mpaka. Neno hili limeanza kusemwa sana kwenye mikutano yetu, na mimi naliunga mkono. Lakini nataka tuliseme vizuri. Tukiliomba vibaya, Leta itatupa kitu cha kupigia picha, na mzee atabaki pale pale.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Nilimaliza chuo kikuu, niko na lisansi ya uchumi, na dosye yangu imelala kwenye maburo sijui mangapi. Kwa hiyo kwenye avenyu yetu, mtu akiwa na mzee wa kupeleka Buja kwa daktari, wanasema: "Mwiteni yule, yeye hana kazi." Na kweli sina. Basi nimekuwa msindikizaji wa wazee. Nimempeleka babu yangu, nimempeleka mama mkwe wa jirani, nimempeleka mzee mmoja wa Mulongwe ambaye zamani alimchapa baba yangu fimbo darasani. Hiyo ndiyo staji yangu baada ya masomo. Na kwa sababu nilisoma uchumi, niko na ugonjwa mmoja: naandika kila franga kwenye kadaftari.

Nitawaambia habari ya babu, kwa ruhusa yake. Amekaa pale mbele, ana kofia ya rangi ya udongo. Alifundisha shule ya msingi miaka 36. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari mmoja wa Buja akasema watapasua jicho moja kwanza, likipona arudi kwa lile lingine. Tukachanga. Shangazi zangu wakatoa, mjomba wa Baraka akatuma, mama akauza kitenge chake cha sherehe. Tukaenda.

Sasa ile safari, nyinyi wote munaijua, lakini acha niihesabu polepole. Moto kutoka nyumbani hadi Kavimvira: ni moto mbili, juu babu hawezi kubanwa watatu na dereva, na mimi lazima niwe nyuma yake. Kwenye baryeri, lesepase ya babu na yangu mimi, maana msindikizaji analipa sawa na anayesindikizwa. Halafu meza ya kwanza, meza ya pili, meza ya tatu. Kwenye meza moja, sitasema ni ya nani wala ya upande gani, tuliambiwa: "Mzee, na siye utatuachia nini ya fanta?" Babu akatabasamu, akatoa. Mwalimu huyo ana aibu ya kubishana na mtu mwenye umri wa wanafunzi wake. Halafu kutembea kwa mguu kutoka baryeri yetu hadi ya Burundi, na fimbo, kwenye jua, katikati ya wamama wenye vikapu na vijana wanaosukuma baiskeli zenye mizigo. Halafu mstari mwingine. Halafu kubadilisha pesa, na pale pia unapoteza kidogo. Ndipo tukapata gari ya kutupitisha Gatumba na daraja la Rusizi mpaka mjini. Kule mjini, teksi tena hadi hospitali. Na jioni, kurudi, yote hayo kinyumenyume, mbio mbio juu ya saa ya kufunga mpaka.

Niliporudi nyumbani nikakaa na kadaftari. Katika kila franga kumi tulizotumia njiani, nne tu zilikuwa za kiti cha gari na moto. Sita zilikuwa za karatasi, za mihuri, za kubadilisha pesa, na za fanta.

Jicho la pili halijapasuliwa. Ni mwaka wa pili huu. Daktari hakukataa, na babu hakuogopa kisu. Pesa ya ile njia haikupatikana tena. Mwaka huu maji ya ziwa yalipopanda mpaka kukaribia kiwango cha 1964, Gatumba ikazama, bei ya gari ikapanda, na babu akasema: "Mjukuu, jicho moja linatosha kuona ugali." Tulicheka. Lakini mimi nilitoka nje.

Kwa hiyo mtu akiniambia "usafiri wa bure kwa wazee", naangalia zile franga nne na zile sita. Ukimpa babu kiti cha bure, umeondoa nne. Sita zimebaki zinamngoja Kavimvira.

Si siye wa kwanza kukuta shida hii. Luxembourg, nchi ndogo ya Ulaya, ilifanya usafiri wa umma kuwa bure kwa kila mtu mwaka 2020. Basi, treni, tramu, hakuna tikiti. Lakini kila siku watu wengi sana wanaingia kufanya kazi kule kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Hao wanasafiri bure ndani ya Luxembourg tu. Kipande cha ng'ambo ya mpaka wanakilipia. Ubure ulisimama kwenye mstari wa ramani. Na wale wana reli, wana serikali zenye pesa, na mpakani kwao hakuna meza tatu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba basi la bure likiandikwa Uvira, litavuka lenyewe.

Na kuna mtego mwingine, huu tunaujua hapa karibu. Dar es Salaam wanafunzi wanalipa nauli ndogo kwenye daladala, serikali ndiyo iliyoweka bei hiyo. Vizuri sana. Lakini dereva anatafuta pesa ya kumpelekea mwenye gari jioni, na hakuna anayemrudishia ile tofauti. Matokeo yake kila aliyeishi Dar ameyaona: daladala inafika, kondakta anaona mashati meupe ya shule, anafunga mlango. Mtoto ana haki kwenye karatasi, na miguu yake iko barabarani. Tukiamuru madereva wetu wabebe wazee bure bila mtu wa kuwafidia, ndivyo itakavyokuwa kwetu. Dereva wa Kavimvira ana deni la gari, analipa mafuta, analipa parkingi, analipa baryeri za njiani. Akiona fimbo na kofia ya babu, ataangalia upande wa ziwa.

Mfano ambao nataka tukae nao zaidi ni wa Wakongo wenzetu, kule Kinshasa. Kati ya Kinshasa na Brazzaville kuna mto tu, na boti zinavuka kutoka Beach Ngobila. Tangu miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ndugu zetu wenye ulemavu walikuwa wanapunguziwa nauli ya boti, wao na mtu wa kuwasaidia, na kwenye forodha hawakusumbuliwa kama wengine. Kilichofuata ni kitu cha ajabu. Watu waliokuwa wanaomba sadaka barabarani wakawa wafanyabiashara. Viti vyao vya magurudumu matatu vikatengenezwa viwe na fashi ya mizigo, wakavusha bidhaa, wakalisha familia, wakasomesha watoto, wakaunda vyama vyao. Punguzo moja la nauli ya mpakani lilifanya kazi ambayo miradi mingi ya misaada haikufanya.

Lakini angalieni pia ilivyodhoofika. Ule ulikuwa zaidi uzoefu wa pale beach kuliko sheria iliyoandikwa vizuri. Ulitegemea mkubwa gani yuko zamu, ameamkaje, chama kinaelewana naye namna gani. Mwaka 2014 Brazzaville ilipofanya ile operesheni ya Mbata ya Bakolo na kufukuza Wakongo wengi wa upande wetu, masharti ya kuvuka yakawa magumu, na biashara ile ikapungua sana. Mtu hawezi kwenda mahakamani kudai huruma ya jana.

Nimechukua mambo mawili pale. Punguzo lilikuwa la mtu pamoja na msaidizi wake, na hilo ni jambo la akili, juu mzee asiyeona hawezi kuvuka peke yake. Na tunalotaka siye liandikwe, lipigwe muhuri, libandikwe ukutani.

Sheria ya kuanzia tunayo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya hatua maalum za kuwalinda. Hatua maalum, jamani. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki juu ya haki za wazee tarehe 31 Januari 2016, nayo inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Congo, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL kule Gisenyi mwaka 1976, na kazi yake moja ilikuwa watu wa hizi nchi tatu watembeleane bila matata. Wengi hapa bado wanaita karatasi yao "CEPGL" tu. Na mwaka 2022 nchi yetu ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Burundi iko tangu 2007. Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2014 raia wao wanavuka kwa kitambulisho tu. Siye tuko ndani ya jumuiya hiyo hiyo, na babu bado ananunua karatasi ili akapasuliwe jicho umbali wa kilomita ishirini na kitu.

Sasa neno "pensheni". Kaka mmoja hapa alipendekeza tuombe usafiri wa bure kwa wenye kitabu cha pensheni. Nampenda kaka huyo, lakini hapana. Waangalie wazee waliokaa mbele yenu. Wangapi wana kitabu hicho? Wavuvi wa Kalundu, wamama walioanza kuuza ndagala kabla siye hatujazaliwa, wakulima wa Kiliba na Sange, wale waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari mpaka kikasimama na vita: wengi hawakuandikishwa popote, na wengine walioandikishwa bado wanafuata karatasi. Tukisema "mpensheni", tumewatupa nje karibu wote. Zanzibar mwaka 2016 walianza kutoa pensheni kwa kila mzee wa miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza aliajiriwa wapi. Umri tu. Na siye tufanye umri tu: miaka 60, kwa kadi ya mpiga kura, maana ndiyo kitambulisho chetu kwa sasa. Najua kwa wengine tarehe ile ni ya kukisia, mtu alizaliwa "mwaka wa nzige". Hakuna shida. Mwenye nzige zake avuke.

Na kuna safari nyingine inayonikera kuliko ya Buja. Babu alipofuata dosye yake, aliambiwa aende Bukavu. Barabara ya taifa namba 5 ipo, inapita Kamanyola inapanda Ngomo, na nyinyi munajua Ngomo: malori yanalala kwenye kona, korongo liko chini, mvua ikinyesha ni kusali. Kwa hiyo watu wengi wanafanya nini? Wanatoka Kamanyola wanaingia Rwanda kwa Bugarama, wanapita lami nzuri mpaka Kamembe, halafu wanarudi Congo kwa daraja la Rusizi. Mzee wa Uvira, ili afike makao makuu ya jimbo lake, anatoka nchini mwake na kuingia tena. Mihuri minne kwenda, mihuri minne kurudi. Minane! Na kule kwenye ile buro, ambayo siitaji, aliambiwa picha moja imekosekana, arudi mwezi ujao.

Hapa mtu wa Leta asituambie "hiyo ni safari ya nje". Safari ile wameifanya wao kuwa ya nje kwa kuacha Ngomo vile ilivyo.

Basi tunaomba nini? Tunaomba kwamba kila mtu wa miaka 60 na zaidi, pamoja na msindikizaji mmoja, asilipe ada yoyote ya upande wa Congo anapotoka na anapoingia, hapa Kavimvira, kule Kamanyola na kwenye daraja la Rusizi. Ada za mpakani haziwekwi na meya wetu, zinawekwa Kinshasa. Kwa hiyo barua ya kwanza inaenda kwa manaibu tuliowachagua, ambao wakati wa kampeni walijua sana avenyu zetu. Uamuzi ukitoka, ubandikwe kwenye ukuta wa baryeri kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi, kwa maandishi makubwa, ili mzee mwenye jicho moja ausome.

Kiti cha gari kinakuja baada ya hapo, na kwa hicho hatuhitaji Kinshasa. Kila siku dereva analipa tikiti ya parkingi hapa hapa mjini. Meya na chama cha madereva wakae chini wakubaliane: dereva aliyebeba wazee wawili bure siku hiyo, tikiti yake inafutwa. Hakuna pesa inayopita mkononi mwa mtu, hakuna mfuko wa kuibwa. Mji utapoteza kidogo, ni kweli. Nimejaribu kuhesabu kwenye kadaftari, na naona si kitu cha kuangusha mji. Mkuu wa fedha wa mji akija na hesabu zake, nitakaa naye, niko na nafasi nyingi.

Upande wa Burundi hatuwezi kuamuru. Lakini wakubwa wa pande mbili wanakutana mara nyingi juu ya usalama, juu ya ng'ombe, juu ya uvuvi. Wazee wakae kwenye ajenda hiyo pia. Kuna wazee wa Gatumba wenye watoto wao hapa Uvira. Nao wanalipa kuja kuona wajukuu.

Naomba nijibu dada mmoja aliyeniuliza jana: "Siye vijana hatuna kazi, hatuna maji, mbona unapigania wazee?" Dada, ile pesa ya babu ilitoka wapi? Ilitoka kwa shangazi, kwa mjomba, kwa kitenge cha mama. Mzee wa hapa hana pesa ya safari. Anayelipa ni mtoto wake na mjukuu wake. Kila muhuri wa Kavimvira unapigwa kwenye mfuko wetu siye.

Na wengine wanaogopa kwamba wafanyabiashara watawatumia wazee kupitisha mizigo. Inawezekana, Kinshasa ilitokea na siyo wote walilia. Lakini siye tunaomba mtu asilipe. Mzigo wa biashara una sheria zake na zibaki. Mzee apite na fimbo, dawa, na kikapu cha chakula. Afisa anajua tofauti ya kikapu na lori.

Kazi ya wiki hii ni moja. Jumatatu tunapeleka barua merini, na kopi kwa manaibu. Tunahitaji ushahidi kuliko kelele. Kila mwenye risiti ya mpakani ya mzee, ya mwaka huu au ya zamani, hata iliyolowa maji ya mafuriko, ailete kwa vijana wetu waliokaa pale mlangoni na daftari. Ile ya fanta haina risiti, tunajua. Hiyo utawaambia kwa mdomo, na wataandika kiasi na tarehe bila jina lako. Wazee ambao hawawezi kuandika, mjukuu akae nao jioni awaulize safari yao ya mwisho, hatua kwa hatua, kama nilivyofanya na babu. Mkutano ukiisha, naomba vijana wawili wenye nguvu wabaki. Kuna wazee wanne wa Kavimvira wa kurudisha nyumbani, na mimi nina mikono miwili tu.